Tairi Linalokwaruza Madigadi: Sababu Zake na Namna ya Kulirekebisha

Katika mitaa ya Magomeni, kuanzia Mapipa hadi Mikumi na Kagera, magari madogo ya mwendo wa kasi yameongezeka sana. Mengi ni magari yaliyokwisha kutumika Japani, kama vile Toyota Altezza, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005, pamoja na Subaru Impreza na Toyota Celica. Vijana wengi wanaoyanunua ni wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, na mara nyingi gari lenyewe ndilo dhamana ya mkopo. Kwa sababu hiyo hali ya gari hilo haimhusu mwenye gari peke yake. Likiharibika au likipinduka, chama nacho hupata hasara, na hasara ya chama ni hasara ya wanachama wote.

Jambo la kwanza ambalo wenye magari hayo hupenda kulifanya ni kubadili magurudumu. Rimu za inchi 15 huondolewa na kuwekwa za inchi 17 au 18 zenye matairi mapana. Gari hupendeza kwa kulitazama, lakini baada ya siku chache huanza kusikika mkwaruzo dereva akatapo kona, au wakati gari linapopita kwenye matuta likiwa na abiria nyuma. Wengine huuzoea mlio huo wakadhani ni kasoro ndogo. Makala haya yanaeleza kwa nini si kasoro ndogo, sababu zake ni zipi, na namna ya kuirekebisha bila kupoteza fedha wala kuhatarisha maisha.

HATARI YA MKWARUZO

Sehemu ya tairi inayokanyaga barabara ina mpira mnene wenye kashata, na ndani yake mna tabaka za waya za chuma. Ukuta wa tairi, yaani ubavu wake, hauna kinga hiyo. Una mpira mwembamba uliofunika nyuzi, na nyuzi hizo ndizo zinazobeba uzito wa gari zikisaidiwa na upepo uliomo ndani. Ubavu au bega la tairi likisuguliwa na ukingo mkali wa madigadi, mpira huchanika kidogo kidogo hata nyuzi zikaonekana. Wakati huo huo msuguano huzalisha joto, na joto hudhoofisha mpira na nyuzi pamoja.

Tairi lililojeruhiwa ubavuni halizibwi kama pancha ya kawaida. Fundi pancha mwaminifu atamwambia mwenye gari kwamba tairi hilo limekwisha. Likiachwa litumike litaweza kupasuka ghafla, na mara nyingi litapasuka pale lilipopata joto zaidi, yaani gari likiwa mbioni na likiwa na abiria wengi. Tairi la mbele likipasuka katika hali hiyo usukani huvutwa upande mmoja kabla dereva hajawahi kutambua lililotokea. Katika Barabara ya Morogoro, ambako mabasi ya mwendokasi yana njia yake katikati tangu mwaka 2016 na watembea kwa miguu huvuka kila dakika, gari likihama njia yake hata kwa mita chache tu litaweza kuua watu.

KUSOMA NAMBA ZA TAIRI

Hakuna awezaye kutatua tatizo hili asipojua kusoma namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Chukuliwe mfano wa tairi lenye maandishi 195/65R15 91H. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni urefu wa ukuta wa tairi ukiwa ni asilimia 65 ya upana huo. Herufi R ni aina ya ufumaji wa nyuzi, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 91 huonyesha uzito ambao tairi linaweza kubeba, yaani kilo 615, na herufi H ni mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa tairi hilo, yaani kilomita 210 kwa saa.

Kwa kutumia namba hizo mtu yeyote mwenye kalamu na karatasi anaweza kupata kipenyo kizima cha gurudumu. Asilimia 65 ya 195 ni milimita 126.75. Kwa kuwa kuna ukuta juu na chini, idadi hiyo huzidishwa kwa mbili, na jumla ni 253.5. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381, kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4. Ukijumlisha 253.5 na 381 utapata kipenyo cha milimita 634.5.

Sasa zilinganishwe aina mbili za matairi ambazo mwenye gari anaweza kuuziwa kwa ajili ya rimu ya inchi 17. Tairi la 225/45R17 lina kipenyo cha milimita 634.3, karibu sawa kabisa na lile la awali. Tairi la 225/55R17 lina kipenyo cha milimita 679.3, nalo limezidi kwa karibu milimita 45. Nusu ya ziada hiyo, yaani milimita 22, huelekea juu kwenye madigadi, na vivyo hivyo mbele na nyuma. Matairi yote mawili ni ya inchi 17, na yote mawili yana upana ule ule. Lakini la kwanza lina nafasi nzuri ya kuingia, na la pili ni karibu hakika kwamba litakwaruza.

Kipenyo kikizidi, kuna madhara mengine yasiyosikika masikioni. Gurudumu hilo la pili husafiri asilimia 7 zaidi kwa kila mzunguko. Ikiwa mita ya mwendo ilikuwa sahihi hapo awali, basi dereva anayeona kilomita 50 kwa saa, ambazo ndizo ukomo wa mwendo katika maeneo ya mjini, atakuwa anakwenda zaidi ya kilomita 53. Gari nalo hupoteza nguvu ya kuvuta, na breki hulazimika kufanya kazi kubwa zaidi.

Namba ya uzito nayo isisahauliwe. Tairi la 215/45R17 lenye namba 87 hubeba kilo 545 tu. Likiwekwa badala ya lile lenye namba 91, gari zima hupungukiwa uwezo wa kubeba kilo 280 katika matairi manne. Tairi jipya lisiwe na namba ndogo kuliko ile iliyowekwa na kiwanda.

KUSOMA RIMU

Watu wengi hutazama kipenyo cha rimu wakasahau mambo mengine matatu. La kwanza ni upana wake. La pili ni idadi ya matundu ya nati na duara linalopita katikati ya matundu hayo. La tatu, ambalo ndilo chanzo cha mikwaruzo mingi, ni umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso wake unaokaa kwenye habu. Umbali huo huandikwa kwenye rimu kwa herufi ET na namba ya milimita. Namba ikiwa kubwa, gurudumu huingia ndani zaidi chini ya gari. Namba ikiwa ndogo, gurudumu hutokeza nje.

Mfano utasaidia. Gari lilikuwa na rimu yenye upana wa inchi 6 na ET45. Mwenye gari ananunua rimu yenye upana wa inchi 7 na nusu na ET35. Rimu mpya ni pana kwa milimita 38. Kwa sababu ya tofauti ya ET, ziada hiyo haigawanyiki sawa kwa sawa. Upande wa nje rimu hutokeza kwa milimita 29 zaidi, na upande wa ndani husogea kwa milimita 9 tu. Basi hata kama kipenyo cha tairi ni sahihi, bega lake litagonga ukingo wa madigadi kila gari linapodidimia.

Kuhusu matundu, yafaa ikumbukwe kwamba gari huweza kufanana na jingine kwa idadi ya matundu na bado rimu isikae. Altezza ina matundu 5 katika duara la milimita 114.3, na Impreza nyingi zina matundu 5 katika duara la milimita 100. Celica ya kuanzia mwaka 1999 nayo ina 5 katika 100, lakini tundu lake la katikati ni milimita 54.1, hali habu ya Impreza ni 56.1. Rimu hiyo haitaingia. Anayeitanua kwa tupa au kuilazimisha kwa nati anacheza na maisha ya watu. Tundu la katikati likiwa kubwa kuliko habu, iwekwe ringi ya kujaza nafasi, la sivyo usukani utatetemeka.

KUTAFUTA MAHALI PANAPOGUSA

Kabla ya kukata wala kugonga chochote, hapana budi kujua ni wapi panapogusa. Kifaa kinachotosha ni chaki. Madigadi husafishwa matope upande wa ndani, kisha ukingo wake, plastiki ya ndani na mabega ya tairi hupakwa chaki. Gari huendeshwa polepole mahali pa wazi, usukani ukizungushwa hadi mwisho kulia na kushoto, mbele na nyuma. Kisha wapande abiria watatu kiti cha nyuma na gari lipitishwe kwenye tuta taratibu. Pale chaki ilipofutika ndipo penye tatizo.

Mahali hapo hueleza sababu yake. Chaki ikifutika kwenye ukingo wa nje wa madigadi, gurudumu limetokeza mno au gari limedidimia mno. Ikifutika juu ndani ya madigadi, kipenyo kimezidi. Ikifutika kwenye plastiki nyuma ya bampa usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kipenyo au upana umezidi. Ikifutika ubavu wa ndani wa tairi, karibu na shokamzoba au mpira wa breki, gurudumu limeingia ndani mno. Hali hii ya mwisho ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa maana mpira wa breki ukikatika gari hupoteza breki.

Ni lazima pia kuangalia kama gari lenyewe ni zima. Ikiwa upande mmoja unagusa na mwingine haugusi, hali magurudumu ni sawa, kosa haliko kwenye tairi. Huenda springi imevunjika, bushi zimekwisha, au mkono wa gurudumu umepinda kwa kugonga shimo au kwa ajali ya zamani. Shokamzoba zilizokufa huliacha gari lidunde na kudidimia kupita kiasi. Gari lililotumika Japani kwa miaka mingi, kisha likatumika katika barabara zenye mashimo baada ya mvua, mara nyingi huwa na kasoro hizi. Zirekebishwe kwanza, ndipo suala la matairi lijadiliwe.

MAREKEBISHO KWA UTARATIBU WAKE

Marekebisho yaanzie kwenye yale yasiyoharibu gari.

Kwanza, tairi libadilishwe kwa lile lenye kipenyo sahihi. Tofauti ya kipenyo kutoka kile cha kiwanda isizidi asilimia 2 au 3. Mara nyingi hatua hii peke yake humaliza tatizo. Mwenye gari akinunua 225/45 badala ya 225/55 hubaki na rimu zake na hana haja ya kugusa bodi.

Pili, ikiwa tatizo ni gurudumu kutokeza nje, zitafutwe rimu zenye ET iliyo karibu na ile ya kiwanda. Katika maduka ya vipuri ya Kariakoo na Gerezani rimu huuzwa kwa kutazamwa sura. Mnunuzi asione haya kuipindua rimu na kusoma namba za upande wa nyuma kabla hajatoa fedha.

Tatu, ikiwa tairi hugusa upande wa ndani na kuna nafasi upande wa nje, spesa nyembamba iliyochongwa vizuri inaweza kusaidia. Lakini spesa hula urefu wa boli. Nati ni lazima iingie kwenye boli kwa urefu usiopungua unene wa boli lenyewe. Kwa boli la milimita 12 lenye hatua ya uzi ya milimita 1.5, kama lilivyo katika Toyota nyingi ndogo, nati izunguke walau mara 8 kamili kabla ya kukaza. Ikizunguka mara chache kuliko hizo, boli refu zaidi ziwekwe au spesa iondolewe. Kupanga spesa mbili au washa nyingi pamoja ni marufuku kwa fundi anayejali kazi yake.

Nne, plastiki ya ndani ya madigadi inaweza kukatwa kidogo au kurudishwa nyuma kwa skrubu pale inapogusa. Isiondolewe yote, kwa kuwa ndiyo inayokinga nyaya na bati dhidi ya maji na mawe.

Tano, ikiwa kinachogusa ni ule mkunjo wa bati ulio kwenye ukingo wa madigadi, fundi bodi anaweza kuukunja uelekee ndani. Rangi hupashwa moto kwanza kwa hewa ya moto ili isipasuke, kisha bati husukumwa kidogo kidogo kwa roleri maalumu. Kugonga kwa nyundo huvunja rangi na gundi iliyo kati ya mabati mawili. Baada ya kazi hiyo ukingo upakwe rangi ya kuzuia kutu siku ile ile, maana hewa ya chumvi ya Dar es Salaam haichelewi kula bati lililo wazi.

Sita, pembe ya kulala kwa gurudumu inaweza kurekebishwa kwa kiasi kidogo ili sehemu ya juu ya tairi iingie ndani. Ikizidishwa, tairi litaisha upande mmoja, na fedha iliyookolewa kwa fundi bodi itatumika kununulia matairi.

Baada ya marekebisho yoyote gari lifanyiwe alaimenti. Nati zikazwe kwa kuvuka kutoka moja hadi ile iliyo mkabala nayo, kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu cha gari, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Jaribio la chaki lirudiwe gari likiwa na abiria. Ni busara nafasi isiyopungua upana wa kidole ibaki kati ya tairi na chuma wakati gari limebeba mzigo wake wote.

YASIYOFAA KUFANYWA

Kuna njia za mkato ambazo hufanywa mara kwa mara. Wapo wanaokata springi ili gari likae chini. Springi iliyokatwa huliteremsha gari karibu na tairi, kwa hiyo mkwaruzo huongezeka. Zaidi ya hayo, springi huweza kutoka mahali pake gari linaporuka tuta. Wapo wanaopachika vipande vya mpira kati ya duara za springi ili kuliinua gari. Vipande hivyo huzuia springi isifanye kazi sawasawa, na uzito wote hulemea duara chache ambazo hatimaye huvunjika. Wapo pia wanaojaza upepo kupita kiasi wakidhani tairi litakuwa jembamba. Tairi halipungui upana kwa upepo. Linakuwa gumu na hukosa kushika barabara, hasa wakati wa mvua.

Inafaa kukumbuka kwamba gari la mwendo wa kasi liliwahi kushinda mashindano magumu katika barabara za Afrika Mashariki. Mwaka 1971 na tena mwaka 1973 Datsun 240Z ilishinda mashindano ya Safari, na mshindi wa mwaka 1973 alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Wanaotayarisha magari kwa barabara za namna ile huhakikisha kwanza kwamba gurudumu lina nafasi ya kupanda na kushuka bila kugusa kitu. Gari linaloshindwa kuvuka tuta la mtaani bila kukwaruza halijaongezewa chochote katika mwendo wake.

WAJIBU WA MAKATIBU NA WANACHAMA

Katibu wa chama haombwi kuwa fundi wa magari. Lakini yapo mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wake.

Gari linapotolewa kuwa dhamana, katibu aandike katika jalada la mkopo ukubwa wa matairi uliowekwa na kiwanda. Katika magari mengi namba hizo zimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Aandike pia ukubwa wa matairi yaliyopo siku hiyo. Namba hizo zikitofautiana, Kamati ya Mikopo ipate maelezo ya fundi kabla ya kuidhinisha mkopo.

Mwanachama akiomba mkopo mdogo wa kununua rimu na matairi, aeleze kipenyo, upana, ET na namba ya uzito. Hesabu iliyoonyeshwa hapo juu huchukua dakika tano, na yaweza kufanywa mezani kwa katibu mwombaji akiwapo. Tarehe ya tairi nayo isomwe, hasa kwa matairi ya mtumba. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni juma na mwaka wa kutengenezwa. Tarakimu 2312 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2012, na tairi la umri huo halifai hata kama kashata zake zinaonekana mpya.

Mabadiliko yakifanywa, kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi na nakala iwekwe katika jalada. Ajali ikitokea na bima ikakuta gari si lile lililoandikwa katika mkataba, mabishano yatakayofuata yanaweza kukiacha chama bila fidia.

Mwisho, rimu na matairi ya awali yasiuzwe hadi gari lijaribiwe kwa mwezi mmoja. Wengi waliouza magurudumu ya kiwanda siku ile ile waliyofunga mapya walilazimika baadaye kuendelea na mkwaruzo kwa sababu hawakuwa na la kurudia. Mwanachama aliyeyahifadhi uvunguni mwa kitanda anaweza kuyarudisha kwa kazi ya saa moja, kwa jeki na spana yake mwenyewe, na mkopo wake ukabaki salama.